Ziara ya Mafunzo

Saa kumi na moja alfajiri, Newala ingali ndani ya ukungu,
Kenta ya chama cha msingi ikatukuta stendi na vikapu vyetu.
Tukapakiwa kumi na saba juu ya magunia matupu
yanayonuka korosho ya mwaka jana.
Mimi ndiye katibu: daftari kwapani, kalamu nimeichomeka kilembani.
Dereva, Mfaume Likapa, akatuhesabu kwa kidole
kama anahesabu mifuko ya salfa,
akakosea, akaanza upya.

Tandahimba tuliipita jua likichomoza.
Mikorosho kulia, mikorosho kushoto,
chini yake pamefagiliwa kuliko sebule zetu.
Binti Nampunju akasema: Hapa wamepalilia.
Mbele kidogo akasema: Hapa hawajapalilia.
Akaenda hivyo hadi Nanyamba
na hakuna aliyemnyamazisha,
maana kila mmoja alikuwa akiyasema hayohayo moyoni.

Pancha. Kijiji jina limenitoka
(katibu gani mimi).
Mama mmoja akatuletea sinia la ming'oko,
chumvi na pilipili pembeni.
Hakuuliza tutokako mpaka tulipomaliza kula.
Tulipoitaja Newala akacheka, akaingia ndani,
akatoka na ndoo nzima:
"Nawieni. Watu wa mlimani nawajua,
nyie mnanawa ncha za vidole."

Nikaitazama mikono yetu.
Ncha za vidole.
Sisi ambao maji ya kuoshea mchele
ndiyo ya kuoshea vyombo,
na ya vyombo ndiyo ya mchicha,
na mchicha ukibakiza, kuku.

Kitaya saa sita. Bwana shamba hayupo,
simu yake inaita, inaita, inakata.
Mpunga ukasimama wenyewe kutufundisha.
Tukafuata tuta, tukafuata kelele za watoto,
mara, bila hodi, Ruvuma.

Hakuna aliyesema kitu.
Upana wote ule
na hakuna mwenye ufunguo,
hakuna foleni, hakuna dumu lililolazwa usiku
kumshikia mtu nafasi.
Unapita tu, kama mtu asiyedaiwa.

Ng'ambo, Msumbiji, mwanamke anafua.
Bi Shida akampigia ukelele kwa Kimakonde: umeamkaje?
Akajibu ameamka salama,
akauliza kwetu mvua ishanyesha?
Bado, akajibiwa.
Akaacha kufua kidogo, akatikisa kichwa,
kama aliyesikia habari ya msiba wa jirani.

Wavulana wakatuonya: kuna mamba.
Bi Shida, miaka sitini na tatu, akavua kandambili,
akazipanga sambamba kama mlangoni mwa msikiti,
akaingia maji hadi vifundoni.
"Mamba naye angoje zamu yake."

Saa tisa bwana shamba akafika na pikipiki,
makaratasi yamelowa jasho.
Akaeleza nafasi ya mche hadi mche: shubiri moja.
Nikaandika, shubiri moja.
Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanajaza.
Madumu, chupa za soda, sufuria,
chupa ya chai ya Mfaume, ambaye aliapa
hajui imetokaje kwenye kiti chake.

Usiku, kurudi, vifuniko vikalegea kwa makorongo.
Maji yakapenya mbao za Kenta,
yakaacha mstari mwembamba juu ya vumbi la barabara.
Binti Nampunju akawasha tochi, akatazama nyuma:
Hapa tumemwaga.
Hapa hatujamwaga.

Jumanne kikaoni watasomewa taarifa yangu.
Waliokwenda, kumi na saba. Waliorudi, kumi na saba.
Pancha, moja.
Tulichojifunza:
hapo karatasi ililowa, wino ukatambaa,
nami, mwenye zamu ya ndoo kesho saa tisa usiku,
sijaona haja ya kuiandika upya.